Ndege Niliyoitengeneza Kati ya Dozi ya Kwanza na ya Sita

Siku niliyostaafu nilikuwa na kilo themanini na nne. Nilijipima mwenyewe, viatu nje, funguo mezani. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kupima malori kwenye mizani ya barabara kuu inayokuja Tunduma, na mtu wa mizani hawezi kuacha tabia ya kutaka kujua kila kitu kina uzito gani. Mke wangu, Mama Tumaini, hunisimanga mpaka leo kwamba binti yetu alipozaliwa nilimuuliza nesi kilo kabla ya kuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Sikatai. Kwa hiyo msomaji anivumilie nikitaja kilo humu ndani. Ndiyo lugha niliyokuwa nayo mwili wangu ulipoanza kuniaga.

Naandika kwa ajili ya mtu mmoja. Simjui jina, lakini najua alipo. Amekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha dripu, dozi ya tatu imeshaingia, uvimbe hauonekani tena, kila anachokula kinarudi, na nyumbani wanamwambia kwa upendo kabisa kwamba inatosha. Nilikaa kwenye benchi hilo. Nusura niondoke nisirudi.

Uvimbe niliugundua mwezi wa saba, watu wa Mbozi wakiwa wanachuma kahawa. Nilikuwa nanyoa ndevu, wembe ukapanda kilima kidogo chini ya taya, kama punje ya harage. Haukuuma. Laiti ungeuma ningewahi. Kufikia mwezi wa tisa, wakati vumbi la Tunduma linaingia mpaka kwenye chumvi, ulikuwa kama yai la kuku, nilikuwa naamka shuka limelowa jasho, na mizani ilisoma sabini na mbili. Hospitalini Mbeya walikata kipande, wakakipeleka kupimwa, tukasubiri. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alisema ni saratani ya tezi, kwamba aina yangu inatibika, kisha akainua vidole sita.

"Dozi ni sita, mzee. Moja kila baada ya wiki tatu. Tatu za kwanza zitauondoa uvimbe na utajiona umepona. Hapo ndipo wengi wananikimbia. Wakirudi, wanarudi na mkubwa zaidi, na mimi sina tena cha kuwapa."

Nilimwahidi sita. Kuahidi ni rahisi ukiwa bado unaijua ladha ya chai.

Wakati huo, nyumbani kwangu, kulikuwa na ndege isiyo na mabawa. Nilikuwa nimeianza miezi mitatu baada ya kustaafu. Ramani yake niliipata kwenye simu, imechorwa na mtu wa nchi ya mbali ambaye kwa hakika hajawahi kusikia jina la Tunduma, akaiacha wazi kwa yeyote anayeitaka. Kwenye duka la steshenari waliichapa kwenye karatasi ishirini na nne, nikaziunga kwa gundi, zikafunika meza yote ya kulia chakula. Kila kipande kilikuwa na namba yake na mahali pake, na pembeni chini kulikuwa na maandishi madogo: uzito wote, pamoja na betri, usizidi gramu mia tisa. Niliusoma mstari ule nikakaa chini. Mimi niliyezoea tani hamsini na sita! Maisha yangu yote nilipima vitu vinavyoikandamiza ardhi. Sasa nilitaka kutengeneza kimoja tu ambacho ardhi ingekiachia.

Rimoti, mota na betri aliniletea Mzee Salumu, mfanyabiashara wa vipuri ambaye tulijuana tangu enzi za mizani. Aliniuliza mara tatu kama nina mjukuu. Nikamwambia ni za kwangu. Akacheka mpaka akavua kofia, lakini alizileta. Mbao nyepesi inayotajwa kwenye ramani huku kwetu haipatikani, hivyo kiunzi nilikichonga kwa mianzi, na nilipofika kwenye mabawa nikakwama, kwa sababu mianzi ilikuwa mizito.

Dozi ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Tuliondoka Tunduma alfajiri kwa Coaster, mimi na Mama Tumaini, tukiwa na chupa ya chai na shuka. Chumba cha kusubiria kina desturi zake. Hakuna anayekuuliza unaumwa nini. Wanakuuliza, "Uko ya ngapi?" Ya pili. Ya nne. Aliye ya sita hutazamwa kama bibi harusi. Niliposema ya kwanza, mama mmoja wa Ileje aliyejifunga kitenge kichwani alisogea, akanipa nafasi karibu na dirisha, akaniwekea mkononi kipande cha ndimu kilichopakwa chumvi. "Nyonya hiki dawa ikianza kupanda," akasema. "Usingoje kichefuchefu kifike. Kitangulie." Yeye alikuwa ya pili. Ushauri ule ulinisaidia kuliko vidonge viwili nilivyopewa.

Dawa moja ni nyekundu kama juisi ya rozela. Nilitazama ikishuka kwenye mrija tone kwa tone, ikaingia mkononi, nikangoja kusikia kitu. Sikusikia kitu. Siku ya pili ugali ulikuwa na ladha ya msumari. Wiki ya tatu nywele zilibaki kwenye mto, nyusi zikafuata, na asubuhi moja nilipita mbele ya kioo nusura nimwamkie yule mzee. Lakini uvimbe! Ulikuwa unayeyuka kama samli jikoni. Nilikuwa nikiushika kila asubuhi, kila asubuhi mdogo zaidi, na sikuwa na neno la kusema ila "Ee Mungu." Sijawahi kuona kitu kikipungua hivyo bila mtu kukipakua.

Mvua za kwanza zilipodondoka nilikuwa kwenye dozi ya pili. Muuguzi wetu, Sista Atupele, alikuwa na mazoea ya kukuuliza habari za nyumbani huku akitafuta mshipa, ili usitazame sindano.

"Mzee wa mizani, siku hizi unashinda na nini?"

"Natengeneza ndege."

Akanyanyua macho. "Ya kupamba sebule au ya kuruka?"

"Ya kuruka. Lakini nimekwama kwenye mabawa. Sina kitu chepesi."

Dripu ilipoisha alikuja na maboksi matatu meupe, yale mepesi kama bisi ambayo dawa za baridi husafirishiwa. "Huwa tunayatupa," akasema. "Angalia kama yatakufaa." Konda wa Coaster alitaka kuyapakia juu. Mama Tumaini, ambaye hakuipenda ile ndege hata kidogo, aliyashikilia mapajani kutoka Mbeya mpaka Tunduma.

Kutoka kwenye maboksi yale nilikata mbavu za mabawa, moja moja, kwa wembe, nikifuata mistari ya ramani. Mbavu za ndege na mbavu zangu zilianza kuonekana wakati mmoja. Nilipomaliza ubawa wa kulia niliuinua kwa kidole. Ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu, na uzito wake haukufika hata wa kitasa cha mlango. Nilibaki nimeuinua muda mrefu.

Dozi ya tatu ilikuja mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Vidole viliingia ganzi. Nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Nilijikata na wembe, na damu niliijua kwa kuiona kwenye boksi jeupe. Kilo zilikuwa sitini na tatu. Nilikuwa nakaa na ubawa wa kushoto mbele yangu, mbavu tano tu zimekatwa, nikiutazama.

Mama Tumaini alikuwa amechoka, na sikuliona hilo. Mgonjwa ni mbinafsi. Wacha niseme ukweli. Alinipikia uji mara nne kwa siku nikaurudisha mara tatu. Harufu ya gundi ilimuumiza kichwa, vijiti vya mianzi vilimchoma kitandani. Halafu mimi nina tabia ya kuzungumza na kazi yangu, niliitoa kwenye mizani: "Tulia hapo. Wewe umezidi. Haya, shuka." Siku moja aliweka bakuli mezani, akasimama.

"Baba Tumaini, hicho kidude unakiambia habari zako zote. Mimi nikikuuliza unajisikiaje, unaniambia salama."

Nikasema, "Salama."

Siku hiyohiyo kaka yangu, Jailosi, alipiga simu kutoka kijijini kwetu, Itaka. Nilimsikia mke wangu akimjibu kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu: "Shemeji, ndugu yako hali, hanywi. Kutwa nzima yuko na ndege. Anaongea nayo." Akasikiliza swali la upande wa pili. Kisha akasema, "Ndiyo, humuhumu ndani." Kesho yake, kabla ya chai, Noah ya kukodi ilisimama mlangoni.

Kaka Jailosi ana miaka sabini na moja. Ni seremala na mkulima wa kahawa, mtu asiyepanda gari bila sababu. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, wote na makoti. Ndege nilikuwa nimeifunika kwa khanga chumbani isiingie vumbi. Hawakuiona, na hakuna aliyeiuliza. Kaka alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mdogo wangu, twende nyumbani."

"Nina dozi wiki ijayo, kaka."

"Uvimbe uko wapi?"

Nilipapasa shingo. Haukuwepo.

"Basi. Ulichokifuata umekipata. Hiyo dawa sasa inakula wewe."

Wala hakunilazimisha. Na hili nataka ulijue, wewe wa kwenye benchi: nilifurahi. Nilisikia raha ya mtu anayetuliwa gunia mgongoni. Mama Tumaini alipanga nguo kwenye begi, akapanda nyuma, na kutoka Tunduma mpaka Itaka alitazama dirishani.

Itaka mahindi yalikuwa yamefika magotini na mibuni ilikuwa imeshiba mvua. Mgonjwa haulizwi uji, wahenga walisema, lakini mimi niliulizwa kila kitu: uji wa ulezi au wa mahindi, kuku wa kuchemsha au wa kukaanga, nikae juani au kivulini. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali, mpaka Ruanda ya hukohuko Mbozi. Jirani mmoja ambaye tuligombea mpaka wa shamba kwa miaka ishirini alikuja na jogoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini, na hakuna aliyenituma hata kijiko. Siku ya dozi ya nne ilipita nikiwa nimekaa juani na blanketi miguuni. Niliikumbuka, nikaiacha ipite.

Siku mbili baadaye wazee waliniita sebuleni, wakafunga mlango. Mmoja wao akakohoa. "Lackson, mwanetu. Kama una neno la kuwaachia watoto, ni vizuri kulisema mtu akiwa bado na nguvu."

Hapo ndipo nilipoelewa jogoo wa jirani. Miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia madereva, "Umeshapimwa, pita." Sasa nilikuwa nimeshapimwa mimi.

Nilisema nahitaji kufikiri. Wakatoka, akabaki kaka peke yake. Akavuta kigoda, akainama karibu.

"Na yule ndege," akauliza, "bado anakujia?"

Niliona kama sikusikia vizuri. "Ndege gani anayenijia?"

"Yule wa ndani ya nyumba. Shemeji aliniambia kutwa unaongea naye. Sikutaka kukuuliza mbele yake."

Kiswahili cha kaka yangu ni cha kujifunzia ukubwani, sokoni. Kinyiha, lugha ya kwetu, ndicho anachoota nacho. Mke wangu alisema "nayo", na kila aliyekaa darasani angejua kwamba ni chombo. Kwa kaka, nayo na naye ni mamoja. Yeye alisikia ndege mwenye manyoya. Na bibi yetu mzaa baba, wiki yake ya mwisho duniani, alikuwa akifukuza ndege darini kwa ufagio, na darini hakukuwa na kitu. Tulikuwa wadogo, tulisimama mlangoni sote wawili tukamwona. Kumbe kaka hakunifuata kwa sababu ya dawa. Alinifuata kwa sababu ya bibi.

Nilianza kucheka. Sikuwa nimecheka tangu mwezi wa tisa, na mbavu ziliuma kama zinachomolewa, na sikuweza kuacha. Kaka alishtuka, akasimama. Mama Tumaini alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga.

"Mama Tumaini," nikasema, "hebu mwambie kaka ni ndege gani huyo niliye naye."

Alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaelewa, akaziba mdomo, unga ukabaki shavuni. Alikwenda chumbani, akafungua begi, na chini kabisa ya nguo akatoa ramani iliyokunjwa. Sikujua kama aliipakia. Akaitandika sakafuni, karatasi zote ishirini na nne.

Kaka alivaa miwani yake yenye mkono mmoja wa uzi, akapiga magoti. Ni seremala, mistari anaisoma kuliko maneno. Alipitisha kidole kwenye mgongo wa ndege, akahesabu mbavu za bawa, akafuata waya mwembamba unaotoka kwenye mota ndogo mpaka kwenye mkia. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hii, mtu ameichora kwa mkono wake?"

"Ndiyo, kaka."

"Na inaruka?"

"Ikikamilika."

"Wewe umefika wapi?"

Nilimwonyesha. "Ubawa wa kulia tayari. Wa kushoto ndio nimeuanza."

Alikaa chini sakafuni, pembeni ya karatasi. "Mtu wa kufa," akasema polepole, "haanzi ubawa wa kushoto." Kisha akaniuliza dozi ilikuwa lini. Nikamwambia juzi. Akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake.

Daktari alinigombeza kwa dakika tano nzima, na nilistahili. Alinipima damu, akasema tuna bahati. Kaka alikataa kurudi Itaka mpaka aione dripu ikiisha. Alikaa kwenye benchi na koti lake, na mgonjwa mmoja alipomuuliza, "Mzee, uko ya ngapi?" akajibu bila kusita, "Tuko ya nne."

Dozi ya tano ilikuwa mwezi wa kwanza, matope mpaka kwenye ngazi za hospitali. Nafasi karibu na dirisha ilikuwa wazi. Nilimuuliza Sista Atupele habari za mama wa Ileje, akasema aliacha kuja. Uvimbe ulipotea, nyumbani wakaona imetosha. Sikumwona tena. Mama, kama haya yanakufikia popote ulipo, bado natanguliza ndimu.

Ubawa wa kushoto niliumaliza vibaya, kwa vidole visivyosikia, lakini niliumaliza. Kisha kukawa na kazi moja ambayo sikuweza kabisa. Chini ya mabawa, ramani inaonyesha alama mbili ndogo. Unaiweka ndege juu ya ncha za vidole kwenye alama hizo, na inatakiwa ilale sawa, isiinamie mbele wala nyuma. Isipolala sawa haitaruka, au itaruka mara moja tu. Ndiyo kazi ya mizani yenyewe, kazi ya maisha yangu, na vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu mwingine. Nilijaribu mara mbili, ikaniponyoka.

"Mama Tumaini," nikaita. "Njoo uniazime vidole."

"Mimi?" Alikuja akijifuta mikono. Nilimwonyesha alama. Akainua ndege kama anavyoinua mtoto wa watu, na mkia ukazama. Pua ilikuwa nyepesi. Nilichukua buni ambazo kaka alituletea, nikaanza kuzidondosha ndani ya pua moja moja. Kumi. Ishirini. Mkia ukaanza kunyanyuka. Punje ya thelathini na nne ilipoingia, ndege ililala sawa juu ya vidole vyake, haisogei, na mke wangu akaacha kupumua.

"Baba Tumaini," akanong'ona, "naisikia. Ni kama inataka kwenda."

Sijui ni nini kilinifungua mdomo. Nilisema, "Najisikia vibaya, mke wangu. Naogopa. Naogopa kila siku."

Machozi yalimtoka palepale, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na ndege. Nilimfuta mimi, kwa vidole vyangu vya ganzi. Sikuyasikia machozi yake, lakini niliyaona yakilowesha ngozi. Tulikaa hivyo mpaka mikono yake ikachoka. Baada ya siku hiyo sikumjibu tena salama pasipo na salama, na hilo, kati ya yote niliyojifunza, ningependa ulichukue leo hii, usingoje dozi ya tano.

Dozi ya sita niliingia na kilo hamsini na tisa. Niliulizwa niko ya ngapi, nikasema, na watu wakanitazama kama bibi harusi. Sista Atupele alichomoa sindano, akanishikilia mkono muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Nyumbani niliipima ndege kwenye mizani ya jikoni, betri na buni ndani: gramu mia nane na tisini na mbili. Wiki kadhaa baadaye, mahindi mabichi yakiwa yanachomwa kila kona ya Tunduma, daktari aliinua picha yangu kwenye mwanga, akaitazama, akaishusha, akaiinua tena. "Sioni kitu," akasema. Sijawahi kusikia sentensi nzuri kuliko hiyo. Bado narudi kila baada ya miezi mitatu, na kila mara mikono inatoka jasho kwenye lile benchi. Sitakudanganya kwamba hofu inaisha. Inapungua kilo.

Tuliirusha mwezi wa saba, Itaka, kwenye shamba la kaka lililokwisha kuvunwa. Mimi nilikuwa nimefika kilo sabini na nyusi zimerudi, moja nene kuliko mwenzake. Kurusha nilijifunza kwa mchezo wa kwenye simu, nikaangusha ndege za bandia zaidi ya mia. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali na upepo mdogo. Mzee Salumu alifika na wake zake wawili na kiti cha kukalia. Kaka alipewa kazi ya kurusha kwa mkono.

"Usiitupe kama jiwe," nilimwambia. "Ipe kama unampa mtu kitu."

Akapiga hatua tatu, akaipa hewa. Ilishuka. Ilishuka mpaka ikagusa ncha za mabua ya mahindi, na nilimsikia Mama Tumaini akisema "Yesu!" Nikavuta kijiti cha rimoti kidogo tu, sijui kwa kidole gani, na pua ikainuka. Ikapanda juu ya mibuni, juu ya paa la kaka, ikapata jua, na mabawa yale ya maboksi ya dawa yakang'aa meupe angani. Nililijua kila kovu lake. Nilijua mahali ubawa wa kushoto ulipokuwa na damu yangu chini ya rangi. Na bado sikuamini kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza, wala kwamba iko juu kule na mimi niko chini huku, na kwamba sote wawili tupo. Watu wazima tulisimama midomo wazi kama vifaranga. Mzee Salumu alikuwa ameinua viganja. Dakika nne. Kisha nikaishusha, ikatua kwa tumbo kwenye mabua, pangaboi likakatika vipande viwili.

Watu walipokuwa wanashangilia, kaka alinivuta mkono. "Njoo nikuonyeshe kitu," akasema, bila kunitazama.

Tulipanda ngazi mpaka darini kwenye stoo yake ya buni. Aliondoa magunia matupu. Chini yake kulikuwa na mbao za mninga, pana, zimepigwa randa mpaka zikawa laini, zimefungwa kwa kamba.

"Nilizipasua siku ile shemeji aliponiambia habari ya ndege," akasema. "Kabla sijaja kukuchukua. Niliona afadhali sanduku nikutengenezee mwenyewe kuliko kwenda kununua."

Nilimwona akilini akizipiga randa peke yake, mzee wa miaka sabini na moja, akiwa na haraka. Niliinama nikazishika. Halafu, Mungu anisamehe, ile tabia yangu ikanishinda: nikatoa futi mfukoni nikapima urefu. Nikapima tena. Nikajitazama mwenyewe.

"Kaka," nikasema, "zimepungua kwa shubiri nzima. Ungenikunja?"

Aliinama akakagua futi kwa miwani yake ya uzi, aone kama nimepima sawa. Fundi hapendi kukosolewa. "Wakati ule," akajitetea, "niliambiwa umepungua."

Tulicheka mpaka tukakaa juu ya mbao zilezile. Chini, Mama Tumaini akaita kutuuliza kuna nini huko juu, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu.